Muhogo Uliofika Wembley kwa Njia ya Kolkata

Ukitaja Uchina na pwani ya Afrika Mashariki, wengi hukumbuka Zheng He na merikebu zake, twiga aliyetoka Malindi mwaka 1415 kwenda kuwa zawadi kwa mfalme wa Ming, na mabakuli ya kauri yaliyopachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi. Habari hizo ni nzuri na zina mahali pake. Safari hii, hata hivyo, tumechagua kitu kidogo ambacho mwanachama yeyote anaweza kukiagiza Ijumaa jioni kwa pauni chache: sahani ya chili mogo.

Kwa msomaji ambaye hajaionja, tueleze. Ni muhogo uliomenywa, ukatolewa uzi wake wa katikati, ukachemshwa, kisha ukakaangwa mpaka ukawa mkavu kwa nje. Baada ya hapo hurushwa kwenye karai la moto pamoja na kitunguu saumu, pilipili, sosi ya soya, sosi ya nyanya na vitunguu vya majani. Utaikuta katika migahawa ya Kihindi ya Wembley na Harrow, kwenye ule ukurasa wa menyu wa vyakula vya Kihindi-Kichina. Hapo, katikati ya tambi za Hakka na koliflawa ya Manchurian, limekaa neno la Kiswahili. Mogo ni muhogo.

Wahindi walioishi Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walilichukua neno hilo pamoja na mengine mengi. Mpaka leo, katika Kigujarati na Kikutchi cha familia zilizotoka kwetu, utasikia kisu, sufuria, fagio na jugu. Nasi kwa upande wetu tulichukua kwao chapati, achari, na hata hilo karai tulilolitaja hapo juu.

Sahani hii ilizusha ubishi katika klabu yetu tulipokuwa tunapanga chakula cha pamoja cha muhula huu. Kundi moja lilitaka twende kula "Kichina hasa": mgahawa wa Sichuan, au wa tambi za Xi'an zinazovutwa kwa mkono. Walisema chili mogo si ya Kichina, si ya Kihindi, na kwa hakika si ya kwetu. Mmoja akatupigia methali: mwacha asili ni mtumwa. Kundi la pili likajibu kwamba maneno hayo hayo ndiyo tunayoambiwa sisi tukifungua mdomo mbele ya wajomba na mashangazi wakati wa likizo: Kiswahili chenu si cha pwani wala si cha bara, kimechanganyika. Hapo ubishi ukaacha kuwa wa chakula tu. Tukaamua kuifuata sahani hii nyuma, hatua kwa hatua, tuone asili yake iko wapi.

Hatua ya kwanza inatupeleka Kolkata. Mji huo, uliokuwa makao makuu ya utawala wa Waingereza nchini India, ulianza kupokea Wachina mwishoni mwa karne ya 18. Anayekumbukwa kuwa wa kwanza kuweka makazi ni mfanyabiashara Tong Achew, aliyepewa ardhi na Gavana Warren Hastings akaanzisha shamba la miwa na kiwanda cha sukari. Kijiji cha Achipur, karibu na Kolkata, kinabeba jina lake mpaka leo. Baadaye walikuja Wakantoni waliokuwa maseremala, na Wahakka walioshika kazi ya kutengeneza ngozi katika eneo la Tangra. Kazi ya ngozi Wahindu wa matabaka ya juu hawakuigusa, kwa hiyo ilibaki wazi kwa wageni. Na jina Hakka lenyewe, kwa Kichina, maana yake ni familia za wageni. Walipewa jina hilo kusini mwa Uchina kwa sababu mababu zao walihamia huko kutoka kaskazini. Waliitwa wageni katika nchi yao kabla ya kuitwa wageni Kolkata.

Nyumbani kwao Wahakka wanajulikana kwa kuku aliyeokwa ndani ya chumvi, tofu iliyojazwa nyama, na nyama ya nguruwe iliyopikwa na mboga za kukaushwa. Pilipili si nyingi. Lakini mteja wa Kolkata alitaka pilipili mbichi, tangawizi na mchuzi mzito. Wateja wengi hawakula nguruwe, na wengine hawakula nyama kabisa. Mpishi akapika kile ambacho mteja angekilipia. Ndiyo maana tambi za Hakka za India hazitoki katika jimbo lolote la Uchina. Ni tambi ambazo watu wa Hakka waliwapikia Wabengali.

Majina mengine kwenye ukurasa ule yana habari ya namna hiyo hiyo. Sosi inayoitwa Schezwan huko India ina pilipili nyekundu zilizokaushwa na kitunguu saumu kwa wingi, ila haina ule msisimko wa punje za Sichuan zinazoutia ulimi ganzi. Kuhusu Manchurian, inasimuliwa kuwa ilibuniwa Mumbai mwaka 1975, kwenye Cricket Club of India, na Nelson Wang, mpishi mwenye asili ya Kichina aliyezaliwa Kolkata. Mteja aliomba kitu kipya. Wang akachukua tangawizi, kitunguu saumu na pilipili mbichi, kama anayeanza mchuzi wa Kihindi, kisha badala ya garam masala akatia sosi ya soya. Mwanzoni ilikuwa ya kuku. Koliflawa ikaja kwa ajili ya wasiokula nyama. Manchuria yenyewe haina habari nayo.

Habari hii ina upande mchungu pia. Mwaka 1962 India na Uchina zilipigana vita vya mpakani vilivyodumu takriban mwezi mmoja. Serikali ya India iliwakamata watu wapatao 3,000 wenye asili ya Kichina, wengi wao wakiwa wazaliwa wa India, ikawapeleka kwa treni mpaka kambi ya Deoli katika jimbo la Rajasthan. Baadhi yao walikaa humo mpaka mwaka 1967. Wako waliorudi wakakuta nyumba na biashara zimekwenda. Wengi walihama, hasa kwenda Kanada, na leo migahawa ya Hakka ya Toronto ni maarufu. Watu hufurahia kuzihesabu sehemu ambazo chakula hiki kimefika. Ni vizuri wakumbuke pia kilichowafanya wapishi wake wafunge mizigo.

Hatua ya pili inaturudisha Afrika Mashariki. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wakifika pwani yetu karne nyingi kabla ya ukoloni, na kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua karibu 32,000 kutoka India kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Wengi wa vibarua hao walirudi kwao. Waliobaki, pamoja na wenye maduka waliowafuata, walianzisha maisha huku. Muhogo waliukuta. Nao ulikuwa mgeni: Wareno waliuleta Afrika kutoka Brazil katika zama za biashara ya watumwa, na kabla karne ya 18 haijaisha ulikuwa umeshaota katika pwani yetu. Baadaye serikali za kikoloni ziliwahimiza wakulima waupande kama kinga ya njaa, na mara nyingine ziliwalazimisha. Sisi tunaujua kwa sura nyingine: muhogo wa kuchoma wenye chumvi, pilipili na limau, au muhogo wa nazi wakati wa futari.

Uliingiaje katika jikoni za Wahindi? Uliingia kwa njia ya soko, na kwa mikono ya wapishi wa Kiafrika walioajiriwa katika nyumba hizo. Hapa lazima tuseme wazi. Ukoloni ulipanga watu kwa ngazi: Wazungu juu, Wahindi katikati, Waafrika chini, shule mbali, hospitali mbali, mabehewa mbali. Mtu aliyeumenya muhogo ule mara nyingi hakukaa mezani ulipoliwa. Neno lake lilikaribishwa, yeye akabaki jikoni. Tukilifurahia neno mogo kwenye menyu ya London, tulifurahie tukijua hilo.

Hatua ya tatu ni ya sheria na amri. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana wasio raia. Wahindi wengi wenye pasipoti za Uingereza wakaanza kuondoka. Uingereza ilijibu kwa sheria ya wahamiaji ya mwaka 1968, iliyopitishwa bungeni kwa siku tatu, ikiwafungia mlango watu wenye pasipoti zake yenyewe; waliopangiwa kuingia ni familia 1,500 tu kwa mwaka. Kisha, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Takriban 28,000 walikuja Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasiende huko. Wengi walikwenda vilevile, na leo Belgrave Road ya Leicester, kama Ealing Road ya Wembley, ni mtaa wa maduka na migahawa yao.

Katika mitaa hiyo ndipo sahani yetu ilipokamilika. Wateja wake waliukumbuka mogo wa Kampala na Mombasa. Ladha ya Kihindi-Kichina nayo ilikuwa imeshaenea katika miji ya India, na jamaa waliokuwa wakienda na kurudi waliizoea. Palipokuwa na kuku au viazi, mpishi akatia muhogo. Na kwa kuwa migahawa mingi ya huko haipiki nyama, au hupika nyama ya halali, hata kwenye klabu kama yetu, yenye Waislamu, Wakristo na Wahindu, kila mtu anaweza kuchovya mkono kwenye sahani moja.

Tuwageukie sasa wenzetu wa "Kichina hasa", maana hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Ni kweli kwamba vyakula vya majimbo ya Uchina vinatofautiana sana, na kuvijua ni raha: samaki wa mvuke wa Guangdong, tofu ya mapo ya Chengdu, nyama ya kondoo yenye bizari nyembamba ya Xi'an, mji wenye Waislamu wa tangu zamani. Kwa miaka mingi Uingereza haikuvijua. Kilichoitwa chakula cha Kichina hapa kilipikwa zaidi na watu wa vijiji vya Hong Kong waliokuja miaka ya 1950 na 1960, baada ya kilimo chao cha mpunga kudorora. Wengi wao, tena, walikuwa Wahakka, na waliwapikia Waingereza walichokitaka, chipsi zikiwemo. Kabla yao, mwaka 1945 na 1946, serikali iliwaondoa Liverpool kwa siri mamia ya mabaharia wa Kichina waliotumika vitani, wakaacha wake na watoto. Mgahawa wa Barshu ulipofunguliwa Soho mwaka 2006, wakazi wengi wa London walikutana na ladha ya Sichuan kwa mara ya kwanza.

Lakini hata Sichuan haitupi asili isiyochanganyika. Pilipili inayoufanya mji wa Chengdu usifike ni mmea wa Amerika. Hapakuwa na pilipili hiyo Uchina kabla ya Wazungu kuvuka Atlantiki, wala haikuwapo India. Kwa hiyo tazama sahani ya chili mogo tena. Muhogo ni wa Amerika na pilipili ni ya Amerika. Mmoja ulipitia Afrika na mwingine ukapitia Asia, kisha vikakutana ndani ya karai moja kaskazini-magharibi mwa London, vikiwa vimebebwa na watu ambao wengi wao hawakuichagua safari.

Je, aliyesema mwacha asili ni mtumwa alikosea? La. Methali ni ya kweli, ila inategemea asili tunaielewaje. Tukiitafuta kama mahali pamoja ambapo chakula kilisimama bila kuguswa, tutarudi nyuma mpaka tubaki na sahani tupu. Tukiielewa kuwa ni habari ya waliokibeba, waliofukuzwa nacho na walioumenya muhogo bila kukaribishwa mezani, basi anayeacha asili ni yule anayekula na kufuta midomo bila kuuliza. Menyu hupenda kuita vyakula hivi mchanganyiko, kana kwamba wapishi wawili walipeana mikono kwa hiari. Sisi tunaona humo vita vya mpakani, siku 90, na sheria ya siku tatu.

Na hivyo ndivyo tunavyotaka Kiswahili chetu kisikilizwe. Anayesikia tumechanganya maneno, kabla ya kutusahihisha, atuulize wazazi wetu walipita wapi.

Ubishi wa chakula cha muhula uliisha kwa kukubaliana kwenda kote kuwili. Tunawaomba wanachama waje na neno moja la jikoni kwao wasilojua lilikotoka, na walimu wetu waje tayari kuulizwa maswali. La kwanza tunalitoa sisi: chai. Ni neno la Kichina.