Mpagazi, Kirangozi na Kamera

Nilipomwambia mjomba, pale nyumbani Tabora, kwamba nikimaliza shahada hii ya fasihi nataka kuendelea na masomo ya ufundi wa filamu, alicheka. "Babu zako walibeba pembe za watu, na wewe eti unataka kubeba kamera za watu?" Siku ile sikumjibu. Makala haya ndiyo jibu.

Kuhusu mizigo mjomba hakukosea. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara iliyokwenda Ujiji na kurudi Bagamoyo. Alichokosea ni kuudharau upagazi. Kwa Wanyamwezi ile ilikuwa kazi ya kufuzu. Kijana alianza na mzigo mwepesi nyuma ya wakubwa zake, akajifunza maji yako wapi, pori lipi lina hatari, hongo ya mtemi hulipwaje na mali ina bei gani pwani. Na kirangozi, yule aliyetangulia na bendera, hakuletwa kutoka nje. Alitoka miongoni mwa wapagazi wenyewe. Kwa maana hiyo msafara ulikuwa chuo. Aliyeingia na mkeka na chungu aliweza siku moja kuongoza.

Sasa tuitazame sinema. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya Meja Notcutt na mwenzake Latham, kwa fedha za Carnegie kutoka Marekani, ulitengeneza filamu za mafunzo zipatazo 35. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Vijana wa Kiafrika waliigiza na kufundishwa kazi za chumba cha giza. Waliouendesha mradi walikiri kwamba vijana hao wangeweza kufanya kazi za kawaida za kusafisha picha na za sauti, na hata baadhi ya kazi zenye ufundi kidogo. Basi, mwisho hapo. Mzigo waliruhusiwa kuubeba, bendera hawakuahidiwa.

Mwaka 1952 ikatoka "Muhogo Mchungu", iliyotengenezwa na kampuni kutoka Afrika Kusini. Mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, aliyewahi kusoma Tabora. Miaka 10 baadaye, Januari 1962, akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Tujiulize: hivi kweli mtu anayeweza kuongoza serikali asingeweza kufundishwa kuongoza picha?

Baada ya uhuru zilifanyika juhudi za kweli. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na mwaka 1985 "Arusi ya Mariamu" ikaongozwa na Mtanzania, Nangayoma Ng'oge, akishirikiana na Mmarekani Ron Mulvihill. Bendera ilishikwa, japo si na mkono mmoja.

Wapo watakaosema tatizo letu ni vifaa. Sikubaliani nao. Siku hizi hata simu ya mkononi inapiga picha, lakini haimfundishi mtu asimame wapi, aanzie wapi na akate wapi. Sisi wa fasihi tunajua kwamba mtazamo ni sehemu ya fani na ni sehemu ya maudhui pia. Anayechagua kamera itazame wapi ndiye anayesimulia. Wengine wote wanamsaidia tu.

Kwa hiyo kozi yoyote ya filamu ipimwe kwa swali moja: mwanafunzi anaishia wapi? Akifunzwa kubonyeza vitufe na kunyanyua mataa peke yake, tutakuwa tumerudi Vugiri. Akianza na mataa, akapita kwenye mswada na uhariri, akafika kwenye uongozaji, huo ndio msafara wa Wanyamwezi.

Chuo cha sanaa kinachojulikana zaidi nchini, TaSUBa, kilichoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, kiko Bagamoyo, kule kule ilikoishia njia ya babu zangu. Mjomba, nikienda huko nitabeba kamera, tena bila kinyongo. Ila nitauliza mapema nani ameshika bendera, na zamu yangu ni lini.