Dalili moja, vimelea vingi: Jinsi chanzo cha magonjwa ya zinaa kwa wanaume kinavyotambuliwa

Mwanamume anayefika katika zahanati ya kijijini kandokando ya Ziwa Victoria, iwe upande wa Tanzania, Uganda au Kenya, akieleza kwamba anatokwa na usaha kwenye uume na anaungua anapokojoa, kwa kawaida hataambiwa jina la kimelea kilichomwambukiza. Atapewa dawa za kutibu magonjwa mawili kwa pamoja, kisonono na klamidia, kisha ataombwa amlete mwenza wake naye atibiwe. Utaratibu huo, ulioenezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) katika miaka ya 1990, hujulikana kama tiba ya kufuata dalili. Haukubuniwa kwa uzembe. Zahanati nyingi hazina maabara, na mgonjwa anayeambiwa arudi wiki ijayo kuchukua majibu mara nyingi harudi.

Ugumu unatokana na ukweli kwamba dalili hazisemi kila kitu. Kisonono husababishwa na bakteria aliyegunduliwa mwaka 1879 na tabibu wa Kijerumani Albert Neisser, na kwa mwanamume dalili zake huanza mapema, mara nyingi kati ya siku mbili na saba baada ya kujamiiana: usaha mzito, wa manjano au wa kijani. Klamidia hukawia, pengine wiki moja hadi tatu, na majimaji yake huwa mepesi na machache. Hivyo ndivyo inavyofundishwa, lakini wagonjwa hawafuati vitabu. Kisonono chaweza kujitokeza kwa unyevu mdogo tu, klamidia yaweza kutoa usaha, na si ajabu mtu mmoja kuwa na vyote viwili. Tena yupo trikomonasi, na yupo mwingine aitwaye Mycoplasma genitalium, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 baada ya kupatikana kwa wanaume wawili wenye uvimbe wa njia ya mkojo. Huyu hana ukuta wa seli, kwa hiyo dawa za jamii ya penisilini, ambazo hushambulia ukuta huo, hazimdhuru.

Vidonda navyo vina hesabu yake. Kidonda kimoja kisichouma, chenye kingo ngumu, humfanya mhudumu afikirie kaswende. Vidonda laini vinavyouma, pamoja na mtoki uliovimba kinenani, huashiria pangusa. Malengelenge madogo yanayopasuka na kurudi tena baada ya miezi ni kazi ya virusi vya herpesi, ambavyo havina dawa ya kuvimaliza mwilini. Jijini Nairobi, katika miaka ya 1980, pangusa ndiyo iliyoongoza miongoni mwa wanaume wenye vidonda. Leo imekuwa nadra, na herpesi imechukua nafasi yake. Mhudumu anayetumia mwongozo wa zamani huenda akatibu ugonjwa ambao haupo tena mtaani kwake.

Thamani na mipaka ya tiba ya kufuata dalili ilipimwa katika ukanda huohuo wa ziwa. Kati ya mwaka 1991 na 1994, mkoani Mwanza, jamii sita ziliboreshewa huduma za magonjwa ya zinaa katika vituo vyao vya afya: wahudumu walipewa mafunzo, dawa zikapatikana bila kukatika, usimamizi ukaimarishwa. Jamii nyingine sita zilisubiri zamu yao. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU katika jamii zilizohudumiwa yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1995, yaliamsha matumaini makubwa, kwani vidonda na uvimbe wa sehemu za siri huifungulia njia VVU.

Ng'ambo ya mpaka, wilayani Rakai nchini Uganda, watafiti walichukua njia nyingine. Hawakusubiri wagonjwa waje; waliwapelekea dawa watu wazima majumbani, wenye dalili na wasio na dalili, kila baada ya miezi kumi. Ripoti ya mwaka 1999 ilionyesha kwamba baadhi ya magonjwa yalipungua, lakini maambukizi ya VVU hayakupungua hata kidogo. Wengi walistaajabu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba Rakai VVU vilikuwa vimeenea mno kuliko Mwanza, sehemu kubwa ya vidonda ilitokana na herpesi ambayo dawa zilizogawiwa hazikuigusa, na anayeambukizwa upya katikati ya miezi kumi hubaki bila tiba hadi zamu ifuatayo.

Jambo jingine lililotoka Mwanza halikuvuma kiasi hicho, ingawa pengine ndilo linalomhusu zaidi mwanamume wa kawaida. Maelfu ya wanaume wa vijijini walipopimwa, ilibainika kwamba wengi wa wale waliokuwa na kisonono au klamidia hawakuwa wakilalamikia usaha wala maumivu. Walijiona wazima. Tiba ya kufuata dalili haiwezi kumfikia mtu asiye na dalili, na mwanamke ndiye hulipa gharama: uvimbe wa mirija ya uzazi, mimba kutunga nje ya kizazi, ugumba ambao ukoo utamlaumu yeye. Mwanamke walau hupimwa kaswende na VVU anapohudhuria kliniki ya wajawazito. Mwanamume hana kliniki inayofanana na hiyo.

Maduka ya dawa yanazidisha tatizo. Vidonge vichache vilivyonunuliwa bila cheti huweza kukausha usaha huku vimelea vikibaki na kujifunza kuihimili dawa. Kisonono tayari kimeshinda penisilini, tetrasiklini na siprofloksasini katika sehemu kubwa ya dunia. Aina ya kwanza yenye uwezo wa kuvunja penisilini iliripotiwa mwaka 1976. Zaidi ya hayo, si kila kinachotoka kwenye uume ni zinaa. Damu katika mkojo au shahawa, hasa kwa mtu aliyekulia penye madimbwi na mito ya maji baridi, yaweza kuwa kichocho, na dawa za kisonono hazitamsaidia.

Kipimo cha zamani, hadubini, bado kina heshima yake. Usaha wa mwanamume ukitiwa rangi, bakteria wa kisonono huonekana wawiliwawili, kama punje za maharage, ndani ya chembe nyeupe za damu, na majibu hupatikana siku hiyohiyo. Klamidia haionekani kwa njia hiyo. Kinachoitambua kwa uhakika ni kipimo cha vinasaba, ambacho hutumia mkojo tu. Mitambo ya GeneXpert, iliyosambazwa katika hospitali za Afrika Mashariki kwa ajili ya kifua kikuu, inaweza kupima pia kisonono na klamidia kwa takriban saa moja na nusu, mradi vifaa vyake vipatikane. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unapendekeza kipimo hicho kwa wanaume wenye usaha pale majibu yanapoweza kutoka siku hiyo, na matibabu ya kufuata dalili yaendelee pale yasipowezekana.

Anayekwenda kupimwa kwa njia hiyo hutakiwa akae walau saa moja bila kukojoa, kisha akinge mkojo wa mwanzo, si wa katikati kama ilivyo kwa vipimo vingine, kwa kuwa ule wa mwanzo ndio unaosomba vimelea vilivyo kwenye njia ya mkojo. Akishatibiwa, hushauriwa kujizuia kujamiiana kwa siku saba, na mpaka mwenza wake awe amekwisha kutibiwa.