Kukufurishana: Mjadala ulioanzia Siffin

Takfiri ni tendo la Mwislamu kumtangaza Mwislamu mwenzake kuwa kafiri. Hukumu hiyo si tusi tu. Katika fiqhi ya kale, aliyehukumiwa kuwa ameritadi aliweza kupoteza ndoa, urithi, maziko ya Kiislamu na hata uhai wake.

Mzozo huo ulizuka baada ya vita vya Siffin, mwaka 657, kati ya Khalifa Ali bin Abi Talib na gavana wa Sham, Muawiya bin Abi Sufyan. Ali alipokubali usuluhishi, sehemu ya jeshi lake ilijitenga ikidai kuwa hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Kundi hilo, Makhawarij, lilimkufurisha Ali mwenyewe. Aliwashinda Nahrawan mwaka 658, lakini mwaka 661 mfuasi wao, Abdulrahman bin Muljam, alimuua mjini Kufa.

Swali likabaki: je, atendaye dhambi kubwa angali Mwislamu? Makhawarij wenye msimamo mkali walijibu kuwa sivyo. Murjia walisema dhambi haimtoi mtu katika imani, na hukumu yake iachiwe Mungu. Wasil bin Ata wa Basra, aliyefariki mwaka 748, alimweka kati ya daraja mbili: si muumini wala si kafiri. Maibadhi, ambao madhehebu yao yalienea Oman na kufika Zanzibar, walitofautisha kukufuru neema na ushirikina. Mkosaji hakutolewa katika umma. Wanazuoni wengi wa Sunni nao walishikilia kuwa mkosaji ni Mwislamu, maadamu hahalalishi kilichoharamishwa.

Hata hivyo, mipaka haikuwa rahisi kuchorwa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika risala ya kuonya dhidi ya kukufurisha kwa pupa, ilhali yeye mwenyewe aliwakufurisha wanafalsafa katika masuala matatu, likiwemo la ukale wa ulimwengu. Ibn Rushd alimpinga katika karne hiyo hiyo.

Mwaka 2005, wanazuoni waliokutana Amman, Jordan, waliyatambua madhehebu manane, ya Sunni, Shia, Ibadhi na Dhahiri, wakakataza kuwakufurisha wafuasi wake. Walikuwa wakirudia onyo la hadithi mashuhuri: amwitaye nduguye kafiri bila haki, neno hilo humrudia mwenyewe.