Ini lenye mafuta: Majibu ya damu yasomwe kwa pamoja

Maradhi ya ini huhusishwa na ulevi kiasi kwamba mkazi wa Garissa, Wajir au Mandera ambaye hajawahi kuonja pombe aweza kushangaa, pengine hata kuona haya, akiambiwa kwamba ini lake limejaa mafuta. Wakazi wengi wa Kaskazini Mashariki ni Waislamu wasiokunywa pombe, na kwa sababu hiyo ugonjwa huu haufikiriwi mapema.

Hata hivyo, ugonjwa huu hauhitaji pombe. Ini hupokea sukari na mafuta kutoka kwenye chakula. Yakizidi kiwango ambacho mwili unaweza kutumia, mafuta hujilimbikiza ndani ya seli zake. Madaktari husema ini lina mafuta pale zaidi ya asilimia 5 ya seli hizo zinapokuwa zimeyahifadhi. Ndugu zake wa karibu ni kisukari cha ukubwani, kitambi na shinikizo la damu. Inakadiriwa kwamba watu watatu kati ya kila kumi waliofikia utu uzima duniani wanao. Mnamo Juni 2023, mashirika ya wataalamu wa ini yaliacha jina la zamani, lililoueleza kama ugonjwa usiotokana na pombe, na kuupa jina jipya linaouhusisha na hitilafu za mwili katika kutumia chakula.

Eneo lenyewe nalo limebadilika. Mfugaji aliyekuwa akitembea masafa marefu nyuma ya ngamia na mbuzi, akiishi kwa maziwa na nyama, aghalabu sasa ana jamaa waliohamia mjini. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2022, ambapo misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, uliangamiza mifugo na kuzisukuma familia nyingi kando ya miji. Huko mtu hutembea kidogo, na mlo ni wali, pasta, mafuta ya kupikia na chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya Wakenya waliofikia utu uzima walikuwa na uzani uliopita kiasi.

Ubaya wa ugonjwa huu ni ukimya wake. Ini haliumi kwa urahisi. Kwa wengi, mafuta hubaki mafuta tu. Kwa wengine ini huvimba, kisha hujenga makovu. Makovu huzidi daraja moja kwa wastani wa miaka 14 pasipo uvimbe, na miaka 7 pakiwa na uvimbe. Mwisho wake ni ini kukakamaa na kusinyaa, hali iitwayo sirosisi, ambapo tumbo hujaa maji, mgonjwa hutapika damu au hupatwa na saratani ya ini. Kwa hivyo, kinachotabiri hatima ya ini si wingi wa mafuta bali kiasi cha makovu.

Hapa ndipo majibu ya maabara yanapopotosha. Vipimo vya kawaida vya ini huonyesha vimeng'enya viwili, ALT na AST, ambavyo huvuja kwenye damu seli zinapojeruhiwa. Vikiwa chini ya mpaka uliochapishwa kwenye karatasi, ambao katika maabara nyingi ni karibu 40, mgonjwa huambiwa yuko salama. Lakini mtu aweza kuwa na makovu mengi huku vimeng'enya vyake vikiwa vya kawaida.

Njia bora ni kuzisoma tarakimu hizo pamoja, kwa hesabu iitwayo FIB-4. Ilichapishwa mwaka 2006, awali kwa ajili ya watu wenye virusi vya Ukimwi pamoja na homa ya ini aina ya C. Umri wa mgonjwa huzidishwa kwa AST. Jibu hugawanywa kwa idadi ya chembe za kugandisha damu, ikihesabiwa kwa maelfu, baada ya idadi hiyo kuzidishwa kwa kipeuo cha pili cha ALT.

Tuchukue mfano wa watu wawili wenye umri wa miaka 50. Kila mmoja ana AST ya 40 na chembe za kugandisha damu 200. Wa kwanza ana ALT ya 64, iliyovuka mpaka. Jibu lake ni 1.25. Wa pili ana ALT ya 25, ambayo ni ya kawaida kabisa. Jibu lake ni 2.0. Aliyeingiwa na hofu ndiye mwenye hatari ndogo, na aliyeambiwa aende nyumbani ndiye anayehitaji uchunguzi zaidi.

Sababu ni kwamba makovu yanapoongezeka, ALT huelekea kushuka kuliko AST. Aidha, damu hupita kwa shida kwenye ini lililokakamaa, bandama hufura, na chembe za kugandisha damu hunaswa humo.

Jibu lililo chini ya 1.3 humaanisha kwamba makovu makubwa hayatarajiwi. Lililozidi 2.67 ni onyo kubwa. Lililo katikati huhitaji kipimo cha pili, kwa mfano mashine ya kupima ugumu wa ini. Kwa waliopita miaka 65, mpaka wa chini ni 2.0. Kwa walio chini ya miaka 35, hesabu hii haiaminiki sana.

Katika Kaskazini Mashariki, tahadhari zaidi inahitajika. Kala-azar, iliyozuka Wajir na Mandera mwaka 2000 na 2001, hufurisha bandama na kupunguza chembe hizo. Homa ya dengue, iliyoshambulia Mandera mwaka 2011, huzipunguza vilevile. Anayepimwa akiwa na homa aweza kupata jibu la kutisha lisilohusu mafuta, hivyo ni heri kurudia akipona. Homa ya ini aina ya B nayo sharti ipimwe, kwa sababu huleta makovu na saratani. Mtafunaji miraa amweleze daktari bila kuficha: utafiti uliofanywa katika hospitali mjini Harar, Ethiopia, na kuchapishwa mwaka 2018, ulihusisha utafunaji huo na maradhi sugu ya ini.

Faida ya hesabu hii ni kubwa kwa wanaoishi mbali. Safari ya Garissa hadi Nairobi ni takriban kilomita 370, na anayetoka Mandera huenda zaidi ya maradufu ya hapo. Familia yaweza kuuza mbuzi kwa ajili ya uchunguzi usiohitajika, au kubaki nyumbani ilhali ugonjwa unakomaa. Hesabu ya karatasi na kalamu husaidia kuamua nani asafiri.

Isitoshe, wengi wa wagonjwa hawa hawauawi na ini bali na maradhi ya moyo na mishipa. Sukari, mafuta ya damu na shinikizo vipimwe pia.

Dawa zimeanza kupatikana: Marekani iliidhinisha resmetirom Machi 2024 na semaglutide Agosti 2025, zote kwa wenye uvimbe na makovu ya wastani hadi makubwa. Lakini tiba ya msingi ni kupunguza uzani. Kushuka kwa asilimia 5 hupunguza mafuta. Asilimia 7 hadi 10 hutuliza uvimbe na yaweza kurudisha nyuma makovu. Kupunguza sukari kwenye chai na kutembea kila siku ni mwanzo mzuri.

Mwenye jibu la chini apimwe tena baada ya miaka miwili au mitatu, na mwenye kisukari baada ya mwaka mmoja au miwili. Karatasi za maabara zihifadhiwe hata familia inapohama, kwani tarakimu ya leo hupata maana ikilinganishwa na ya jana.