Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu Tanzania

Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu Tanzania ni fedha ambazo serikali ya Tanzania huwakopesha wanafunzi wahitaji ili waweze kusoma katika vyuo vikuu na taasisi nyingine za elimu ya juu. Kazi hiyo hufanywa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, inayojulikana zaidi kwa kifupi HESLB au kwa kuitwa tu "Bodi ya Mikopo". Zanzibar ina bodi yake.

Mkopo huu hutofautiana na ufadhili. Ufadhili ni msaada usiorudishwa. Mkopo ni deni ambalo mwanafunzi hulipa baadaye kutokana na kipato chake. Hutofautiana pia na mkopo wa benki, kwa kuwa mwombaji haweki nyumba wala shamba rehani. Kinachoangaliwa ni uhitaji wake, na kinachoshikilia deni ni sheria ya nchi.

Historia

Katika miaka iliyofuata uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, nchi ilikuwa na wasomi wachache sana. Serikali iligharamia masomo ya chuo kikuu, na wahitimu walitarajiwa kulitumikia taifa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipata masomo, chakula na malazi bila kulipa.

Utaratibu huo uliwezekana kwa sababu wanafunzi walikuwa wachache. Hali ya uchumi iliyozorota katika miaka ya 1980, pamoja na kuongezeka kwa vijana waliomaliza kidato cha sita, viliifanya serikali ianzishe sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu. Sera hiyo ilitekelezwa kwa awamu kuanzia mwaka 1992. Katika awamu ya kwanza wanafunzi na wazazi walianza kubeba gharama kama vile nauli, ada ya maombi na ada ya usajili. Katika awamu ya pili walitakiwa kuchangia chakula na malazi. Kwa kuwa wengi hawakuweza, serikali ilianza kutoa mikopo mwaka 1994. Ndiyo sababu hata leo Bodi hudai madeni yaliyoanzia Julai 1994, ingawa yenyewe haikuwepo wakati huo.

Bodi ya Mikopo iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Kuanzia hapo mikopo ilipanuliwa hadi kwenye ada ya masomo, na wanafunzi wa vyuo vikuu binafsi, vilivyokuwa vimeongezeka tangu miaka ya 1990, walihusishwa pia.

Majukumu ya Bodi

Bodi ina majukumu mawili makubwa. La kwanza ni kutoa mikopo kwa wanafunzi wahitaji wenye sifa. La pili ni kukusanya madeni ya waliokwisha kunufaika.

Majukumu hayo hutegemeana. Fedha zinazokopeshwa hutoka katika bajeti ya serikali na katika marejesho. Fedha anayorejesha mhitimu wa miaka iliyopita humlipia mwanafunzi wa mwaka huu, na marejesho yakikwama, mzigo wote huangukia bajeti ya serikali. Bajeti ya mikopo ilikuwa shilingi bilioni 464 katika mwaka wa masomo 2020/21, ikapandishwa hadi bilioni 570 mwaka 2021/22.

Sifa za mwombaji

Kila mwaka Bodi hutoa mwongozo wa maombi unaoeleza sifa na tarehe. Kwa kawaida mwombaji anatakiwa:

- kuwa raia wa Tanzania;
- kuwa amepata nafasi ya kusoma katika chuo kinachotambuliwa;
- kutokuwa na chanzo kingine kinachogharamia masomo yake yote;
- kutozidi umri uliowekwa katika mwongozo;
- kuwa amewasilisha maombi yaliyokamilika kupitia mtandao wa Bodi kabla ya mwisho wa muda.

Kupata nafasi chuoni hakumpi mtu haki ya kupata mkopo moja kwa moja. Udahili na mkopo ni mambo mawili tofauti, na huamuliwa na vyombo tofauti. Mwanafunzi anaweza kudahiliwa akakosa mkopo, au akapata mkopo unaogharamia sehemu tu ya mahitaji yake.

Maombi na nyaraka

Maombi hufanyika kwa njia ya mtandao. Mwombaji hutumia namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, hulipa ada ya maombi kwa namba ya malipo anayopewa na mfumo, hujaza taarifa zake na za wazazi au walezi, kisha huambatisha nyaraka. Fomu na mkataba wa mkopo hutiwa saini na mwombaji pamoja na mdhamini wake.

Nyaraka ndizo zinazoamua mengi. Kila jambo ambalo mwombaji analitaja ili kuonesha uhitaji wake linapaswa kuthibitishwa:

- Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) kwa aliyezaliwa Bara, au na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar kwa aliyezaliwa Zanzibar.
- Yatima huambatisha cheti cha kifo cha mzazi, nacho kikiwa kimehakikiwa.
- Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, huambatisha uthibitisho wa mganga wa serikali.
- Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili huambatisha barua ya mfadhili huyo.
- Anayetoka katika kaya inayosaidiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) huonesha taarifa za kaya hiyo.

Hapa ndipo waombaji wengi hupoteza haki yao. Yatima ambaye kifo cha baba yake hakikusajiliwa, kama inavyotokea vijijini ambako watu huzikwa bila cheti kuchukuliwa, machoni pa mfumo ni mtoto mwenye wazazi wote wawili. Jina lililoandikwa kwa namna moja kwenye cheti cha kuzaliwa na kwa namna nyingine kwenye cheti cha kidato cha nne nalo linaweza kukwamisha uhakiki. Kusajili kifo cha zamani au kusahihisha jina huchukua muda, na dirisha la maombi halimsubiri mtu. Kwa sababu hiyo ni busara kwa mwanafunzi kushughulikia vyeti akiwa bado shuleni, kabla ya matokeo ya kidato cha sita kutoka.

Tathmini ya uhitaji

Maombi ni mengi kuliko fedha zilizopo, kwa hiyo Bodi hupima uhitaji wa kila mwombaji. Huangalia gharama za masomo anayokwenda kusoma na uwezo wa familia kuchangia. Miongoni mwa vinavyoangaliwa ni hali ya wazazi, kazi zao na gharama za shule alikosoma mwombaji. Uyatima, ulemavu na umaskini wa kaya huongeza uzito wa maombi. Kozi zilizotajwa kuwa kipaumbele cha taifa, kama vile udaktari, uhandisi na ualimu wa sayansi, pia zimekuwa zikizingatiwa.

Matokeo hutangazwa kwa awamu kupitia akaunti ya mwombaji kwenye mtandao. Asiyeridhika hupewa nafasi ya kukata rufaa katika muda uliotangazwa, akiambatisha uthibitisho ambao haukuwepo awali. Rufaa isiyo na nyaraka mpya haina nguvu kubwa, hata kama malalamiko yenyewe ni ya kweli.

Vipengele vya mkopo

Mkopo hautolewi kwa mkupuo. Umegawanywa katika vipengele:

- chakula na malazi;
- vitabu na viandikwa;
- ada ya masomo;
- mahitaji maalumu ya kitivo;
- mafunzo kwa vitendo;
- utafiti.

Mwanafunzi anaweza kupata vipengele vyote au baadhi, na kwa ada anaweza kupewa asilimia fulani tu. Ada hulipwa kwa chuo. Fedha za chakula na malazi humfikia mwanafunzi mwenyewe kwa vipindi, baada ya kusaini, na kwa lugha ya mitaani ya wanavyuo huitwa "boom". Kiwango chake kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku.

Mkopo huendelea mwaka hadi mwaka iwapo mwanafunzi anafaulu na chuo kinapeleka matokeo yake kwa Bodi. Anayeahirisha masomo au kuhama chuo anapaswa kufuata utaratibu rasmi, la sivyo fedha husimama.

Urejeshaji

Deni huanza siku mwanafunzi anapopokea fedha, si siku anapohitimu. Aliyeacha masomo katikati anadaiwa kile alichokwisha kupokea. Mnufaika ana kipindi cha matazamio cha miezi 24 baada ya kumaliza masomo, ingawa aliyepata kazi mapema anaweza kuanza kulipa kabla ya hapo.

Kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Kiwango cha awali kilikuwa asilimia 8. Mabadiliko hayo yalizua malalamiko makubwa, kwa kuwa yaliwagusa pia watu waliokopa wakati kiwango cha zamani kikitumika. Mwajiri analazimika kuitaarifu Bodi kuhusu wahitimu aliowaajiri, kuwakata na kuwasilisha fedha; asipofanya hivyo hutozwa adhabu. Aliyejiajiri anatakiwa kulipa mwenyewe kulingana na kipato chake.

Tozo zilizofutwa

Kwa miaka kadhaa deni liliongezeka kutokana na tozo mbili. Ya kwanza ilikuwa tozo ya kulinda thamani ya fedha, asilimia 6 kwa mwaka. Ya pili ilikuwa adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa baada ya kipindi cha matazamio. Tarehe 1 Mei 2021, katika sherehe za Siku ya Wafanyakazi, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6. Adhabu ya asilimia 10 ilifutwa mwaka huohuo. Ilibaki ada ya uendeshaji ya asilimia 1.

Mfano unaonesha uzito wa tozo hizo. Mwalimu anadaiwa shilingi 8,000,000 na mshahara wake wa msingi ni shilingi 700,000. Makato ya asilimia 15 ni shilingi 105,000 kwa mwezi, yaani 1,260,000 kwa mwaka. Kwa tozo ya asilimia 6, shilingi 480,000 hivi za mwaka wa kwanza, zaidi ya theluthi moja ya alicholipa, zingemezwa na tozo, na deni lingemchukua takriban miaka 8. Bila tozo hiyo, pamoja na ada ya uendeshaji ya shilingi 80,000, humaliza kwa miezi 77, yaani miaka 6 na miezi 5.

Aliyeumia zaidi ni yule asiye na kazi. Kwa deni hilohilo, mtu aliyekaa miaka miwili bila kulipa baada ya kipindi cha matazamio angeongezewa shilingi 960,000 za tozo na 800,000 za adhabu. Angeanza kazi akiwa na deni la shilingi 9,760,000, ingawa hakukopa hata senti moja zaidi.

Misaada mingine

Tangu mwaka 2022/23 upo ufadhili wa Samia, unaotolewa kwa wanafunzi waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita na wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi au tiba. Wanaoupata hawarudishi fedha. Mwaka 2023/24 mikopo ilianza kutolewa pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele.

Zanzibar na nchi jirani

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ilianzishwa mwaka 2011 na huhudumia Wazanzibari chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Nchini Kenya bodi ya mikopo, HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na mkopo wa shahada ya kwanza umekuwa ukitozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Uganda ilianzisha bodi yake kwa sheria ya mwaka 2014, ikitilia mkazo masomo ya sayansi.

Changamoto

Tatizo kubwa la mfumo wa Tanzania ni ajira. Makato ya mshahara hufanya kazi vizuri kwa mwenye mshahara, lakini wahitimu wengi hujishughulisha na kilimo, biashara ndogo au kazi za muda, ambako hakuna mwajiri wa kukata. Wao hubaki na deni linalosubiri. Kwa mnufaika wa namna hiyo, kulipa kidogo kidogo kwa hiari na kutunza kumbukumbu za malipo hupunguza deni ambalo vinginevyo angelikuta zima siku atakapoajiriwa.