Rafiki (filamu)

Rafiki ni filamu ya Kenya ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Wanuri Kahiu. Chimbuko lake ni "Jambula Tree", hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wanaoshindana jijini Nairobi, wanapendana.

Nguvu yake imo katika utulivu. Kama ilivyo katika Weekend (2011) ya Mwingereza Andrew Haigh, macho husema mengi kuliko midomo; wawili hao wakijificha ndani ya gari bovu lililotelekezwa, filamu hugusa moyo zaidi.

Ilichaguliwa kuonyeshwa Cannes, lakini Kenya ikaipiga marufuku. Septemba 2018 Mahakama Kuu iliiruhusu kwa siku 7, na watu wakajaa kumbini.