Elimu ya uraia: Mipaka ya shirika lisiloegemea chama

SHIRIKA la elimu ya uraia lisiloegemea chama ni lile linalomfunza mwananchi jinsi ya kuchagua bila kumwambia amchague nani. Maana hiyo ni nyepesi kuitamka. Mtihani wake huja pale mkufunzi anaposimama mbele ya wanakijiji wa mahali kama Jego, kwenye barabara ya kutoka Lunga Lunga kwenda Vanga katika Kaunti ya Kwale, ambako kila mtu amjua mwenzake na ajua pia mjombake ni wakala wa mwaniaji yupi.

Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 lakini ikaanza kutumika Mei 2024, hairuhusu shirika kuchangisha fedha wala kufanya kampeni ya kuunga mkono au kupinga chama ama mwaniaji. Sheria iliyotangulia, ya 1990, iliacha kumbukumbu chungu. Mnamo 1995 serikali ilifuta usajili wa shirika la CLARION lilipochapisha utafiti kuhusu ufisadi. Agosti 2017, siku chache baada ya uchaguzi, bodi ya kusimamia mashirika ilitangaza kuifutia usajili KHRC na kutaka AfriCOG ifungwe, hatua zilizositishwa na waziri baadaye. AfriCOG ilikuwa imewahi kufika katika Mahakama ya Juu kupinga matokeo ya uchaguzi wa 2013. Je, kwenda mahakamani ni kuegemea upande? Kwa maoni yetu, kudai sajili ya wapigakura ikaguliwe si siasa za chama. Huwa siasa za chama pale shirika linapodai ukaguzi katika ngome za mwaniaji mmoja tu na kufumbia macho za mwenziwe.

Makosa mengi, hata hivyo, si makubwa kiasi hicho, na mengi huanzia kwenye vitu vidogo. Chukua karatasi ya kura ya mfano. Katika kura ya maoni ya 2005, ndizi ilikuwa alama ya ‘Ndiyo’ na chungwa alama ya ‘La’. Chungwa lilishinda, kisha likazaa chama cha ODM. Mwaka 2010 zikaja rangi, kijani kwa wanaokubali katiba mpya na nyekundu kwa wanaopinga. Na kufikia 2022 hata wilbaro ilikuwa imeingia debeni kama alama ya UDA. Mkufunzi anayechora chungwa kwa kuwa ni tunda linalojulikana na kila mtu atakuwa amekwisha kupiga kampeni kabla ya kufungua kinywa. Wagombea huru nao wana alama zao, na Kwale haijasahau Desemba 2020, Feisal Bader aliposhinda kiti cha Msambweni bila tiketi ya chama. Kwa hiyo alama zote, pamoja na rangi za fulana na leso, zapasa kulinganishwa na orodha ya Tume ya Uchaguzi (IEBC) kabla ya kikao.

Jambo la pili ni posho. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inaharamisha kumhonga mpigakura. Nauli ya kuhudhuria kikao si hongo, lakini mwanakijiji aliyezoea kupokea noti kutoka kwa wanasiasa hatatofautisha bahasha na bahasha. Kiasi kitangazwe mapema, kiwe sawa kwa wote, kitiwe sahihi, na mwanasiasa asiruhusiwe kuongeza hata shilingi. Pesa za kaunti zahitaji tahadhari zaidi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaka kaunti kutoa elimu ya uraia, ilhali gavana anayetia saini hundi huenda akawa mwaniaji.

Pwani ina mtihani wake wa pekee, uraia wenyewe. Wamakonde walitembea kutoka Kwale kuelekea Nairobi Oktoba 2016 kudai utambulisho, wakatambuliwa. Wapemba wakafuata 2023. Walisaidiwa na mashirika ya kutetea haki. Shirika lililomsaidia mtu kupata kitambulisho halina deni la kumdai siku ya kura. Likimkumbusha hisani hiyo karibu na uchaguzi, litakuwa limegeuka chama, hata kama halikutaja jina la mtu.

Hakuna anayepaswa kudhani kwamba maadili mema yanatosha kuleta amani. Mpango wa kitaifa wa elimu ya uraia wa 2001 na 2002 ulifanya vikao vipatavyo 50,000 nchini. Awamu ya pili, Uraia, iliendelea hadi karibu na uchaguzi wa Desemba 2007, na ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100. Uraia ulisajiliwa upya kama wakfu mnamo 2011, mwaka mmoja baada ya katiba mpya kuidhinishwa.